Picha ya babu aliyekwenda Burma: isome kabla hujaisafisha

Katika nyumba nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda ipo picha moja ya mzee enzi za ujana wake, amevaa sare ya Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki lililopigana hadi Burma (Myanmar ya leo), amesimama wima kando ya meza ya studio. Huenda ndiyo kumbukumbu pekee ya Vita vya Pili iliyobaki katika ukoo mzima. Picha kama hii hustahimili miaka themanini ukutani, kisha ikaharibiwa kwa dakika moja na wajukuu wenye nia njema. Wanaipeleka kufanyiwa laminesheni, inarudi inang'aa, na imekwisha. Joto la mashine hulainisha gelatini inayobeba picha, plastiki hugandana nayo, na hakuna fundi atakayezitenganisha.

Kwa hiyo anza taratibu, na fremu. Kwanza ipige picha ilivyo, kabla hujagusa msumari. Kisha ilaze kifudifudi juu ya kanga safi, ng'oa vimisumari vya nyuma, inua ubao. Kabla hujaivuta picha, kitazame kioo kwa ubavu. Ukiona mabaka yanayong'aa kama yameloa, gelatini imenata kwenye kioo. Pwani, toka Mtwara hadi Lamu, jambo hili ni la kawaida kwa sababu ya unyevu. Iliyonata iache hapo hapo. Usipitishe kisu wala usiiloweke. Isogeze karibu na dirisha ili mwanga uje kwa upande, zima flashi, ning'iniza kitambaa cheusi nyuma yako ili kioo kisirudishe sura yako, kisha piga nakala kioo kikiwa juu yake.

Ikitoka salama, ishike kingo tu kwa mikono mikavu, na uigeuze. Nyuma ndiko kwenye utajiri: muhuri wa studio, namba iliyoandikwa kwa penseli, pengine mistari ya anwani, maana picha nyingi za wakati ule zilichapwa kwenye karatasi ya postikadi ya sentimita 9 kwa 14 hivi. Skani mbele na nyuma. Tumia hali ya rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, la sivyo wino wa muhuri na doa la maji vitaonekana sawa. Kwa postikadi weka dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Utapata takribani pikseli 2,100 kwa 3,300, zinazotosha kuichapa mara mbili ya ukubwa wake. Vipicha vya pasipoti viwekee 1,200. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ikienda kama picha ya kawaida, namba ya begani ndiyo itakayopotea kwanza.

Namba hiyo ndiyo ya kutafuta. Kuza nakala na uanzie kwenye mabega na ubavu wa kofia. Vikosi vya Keya vilijulikana kwa namba, na namba ilibeba asili: cha 6 kilikuwa cha Tanganyika, cha 4 cha Uganda, cha 3 na cha 5 vya Kenya, cha 1 na cha 2 vya Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Vita vilipopanuka vikazaliwa vingine, na mara nyingi tarakimu ya mwisho ilikumbusha kikosi mama: 26 na 36 ni Tanganyika, 34 na 44 Uganda, 22 Nyasaland. Lakini usiitegemee kanuni hiyo kwa upofu, kwani cha 11 kilikuwa cha Kenya na cha 13 cha Nyasaland. Ukiona mkononi beji ya kichwa cha kifaru, huyo ni wa Divisheni ya 11, iliyopita bonde la Kabaw, huko Burma, katika mvua za mwaka 1944 hadi Kalewa kwenye mto Chindwin.

Kifua nacho kinatoa tarehe. Nishani ya Nyota ya Burma ilianzishwa Mei 1945, kwa hiyo mwenye utepe wake alipigwa picha wakati huo au baadaye, hata kama familia inasema ni "picha ya kwenda vitani". Nyota ya Afrika, waliyopewa pia waliopigana Uhabeshi na Somalia mwaka 1940 na 1941, ilitangazwa 1943. Tahadhari ni moja: usitambue utepe kwa weusi na weupe wake. Baadhi ya filamu za zamani hazikuhisi wekundu, hivyo nyekundu ilitoka nyeusi na buluu ikatoka nyepesi. Hesabu mistari na upana wake badala yake.

Hapo ndipo programu za kutia rangi zinapodhuru. Programu haijui rangi ya utepe ule. Inabuni, tena inabuni na rangi ya ngozi na kona za macho. Sura inayotoka ni ya mtu mwingine. Ukoo ukiizoea hiyo, uso wa babu umepotea na hakuna anayejua. Sioni sababu ya kuitumia kabisa.

Kumbuka pia kwamba studio haikupiga vita. Ilimpiga mtu alivyotaka aonekane kwao, na saa ya mkononi au kiti cha kifahari huenda vilikuwa mali ya studio. Matope, njaa na maiti havimo. Hayo yamo midomoni, na kwenye ngoma. Askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 waliisambaza beni hadi bara, na makundi yake, Marini na Arinoti, yalikuwa na vyeo na gwaride. Pwani ya Ziwa Nyasa mganda bado unachezwa kwa mistari na hatua za kijeshi. Basi ukimwendea bibi au mzee, mpe shikamoo, weka mbele yake nakala ya ukubwa wa A4, usimpe picha halisi, washa kinasa sauti na unyamaze. Swali la mwaka humfunga mtu mdomo. Uliza kofia ilikwenda wapi, nani aliyeisoma barua, ngoma gani ilipigwa aliporudi. Wachoraji wa Lubumbashi, nchini Kongo, Tshibumba Kanda Matulu akiwa mmoja wao, walichora vita vya Katanga kwa ajili ya sebule za watu, na picha za namna hiyo ziliitwa ukumbusho: zilitundikwa ili watu wazungumze.

Nishani usizing'arishe kwa dawa ya shaba, inakula herufi. Za Vita vya Kwanza zina jina na namba ukingoni, ilhali za Vita vya Pili kwa kawaida Waingereza hawakuziandika. Picha itie kwenye bahasha ya karatasi nyeupe, andika jina kwenye bahasha kwa penseli, kisha kwenye sanduku lisilogusa ukuta. Albamu za kurasa za gundi ziepuke.

Kwa asiyerudi, tafuta kwenye orodha ya mtandaoni ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi ya vita, ni bure. Ikiwa ukoo unasema alizama, tazama tarehe 12 Februari 1944: meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani, na wengi wa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliokuwamo wameandikwa kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road. Waliopotea Burma bila kaburi wako kwenye nguzo za Taukkyan, karibu na Yangon. Majina yaliandikwa na makarani wa kigeni kama walivyoyasikia, kwa hiyo jaribu R badala ya L, C badala ya K, jina la baba likiwa mbele, na namba ya askari peke yake.