Taa nyekundu ya breki inawaka ukikata kona? Usichomoe waya, tafuta mafuta yameenda wapi

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Carina Ti ya 1998, ile taa nyekundu yenye alama ya mshangao ndani ya duara inawaka ukikata kona ya kulia, ukinyoosha inazima. Hendibreki umeshusha, breki unasema zinashika, na fundi anataka akuchomolee balbu ili uache kusumbuka. Hilo la balbu likatae leo leo. Mimi wa kwangu nilimkubalia.

Na kabla sijafika huko, hiyo kona imeshakupa nusu ya jibu. Ndani ya kile kikopo cha mafuta ya breki, pale juu ya master silinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali), kuna boya dogo lenye sumaku. Mafuta yakishuka, boya linashuka nalo, swichi inapata ethi, taa inawaka. Yakiwa yamebaki pale mpakani, gari likinyooka boya linaelea vizuri tu, ila ukikata kona mafuta yanakimbilia upande mmoja na boya linadondoka sekunde mbili tatu. Ukishika breki ghafla ni hivyo hivyo. Kwa hiyo taa ya kuwaka na kuzima kwenye kona mara nyingi ni swichi nzima kabisa inayofanya kazi yake.

Yangu ilikuwa Corolla 110, nimeinunua kwa mtu, nikiishi Kimara na kazi iko Kurasini. Kila asubuhi nikikata Ubungo kuingia Mandela, taa inapepesa. Nikampitia fundi wa jirani, kijana mzuri tu, hana neno. Akafungua boneti, akasema "hizi sensa za Toyota huwa zinachoka, bro", akachomoa soketi ya waya wa kikopo, nikampa elfu tano. Taa kimya. Nikamsifia na kumpelekea wateja wawili.

Wiki tatu baadaye mvua inanyesha, nipo Mandela naelekea Buguruni, malori ya makontena yamepanga foleni upande mmoja na mbele yangu daladala. Daladala ikasimama kushusha abiria, nami nikakanyaga. Pedali ikaenda mpaka chini, laini kama umekanyaga godoro. Nikapiga pampu ya pili, ya tatu, huku navuta hendibreki, gari likasimama karibu na bampa kiasi kwamba sikuiona namba ya ile daladala. Konda aliniangalia kupitia kioo cha nyuma, mpaka leo naikumbuka ile sura.

Gari lilisimama kwa sababu moja tu. Master silinda ya gari kama zetu ina vyumba viwili, na kila chumba kinalisha magurudumu mawili. Kwenye nyingi za kuvuta kwa mbele wamezigawa kwa mshazari: mbele kulia na nyuma kushoto, mbele kushoto na nyuma kulia. Upande mmoja ukikauka, unabaki na nusu breki na pedali inashuka sana kabla haijashika. Ndiyo maana mtu anaweza kusema "breki zinashika" huku tayari ana tatizo.

Kesho yake nikalivuta kwa mzee mmoja wa breki, yeye hata hakugusa waya. Akachungulia kikopo, akaniuliza swali moja: haya mafuta yameenda wapi? Akapiga jeki nyuma kushoto, akatoa tairi, akatoa dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki za nyuma. Ndani kumelowa, shuu zinazobana dramu zimekunywa mafuta, raba za silinda ya gurudumu zimekatika midomo. Na kwenye ubavu wa ndani wa tairi kulikuwa na mchirizi mweusi ambao mimi nilikuwa nauosha kila Jumapili nikidhani ni tope la Kimara. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa, kuliko hata daladala.

Sasa njoo kwako. Gari likiwa pamenyooka, limepoa, angalia kikopo bila kufungua. Kuna mstari wa MAX na wa MIN. Kama mafuta yako juu na taa bado inawaka, hapo ndipo unaruhusiwa kuishuku swichi, kwa sababu boya la zamani linaweza kunywa mafuta likazama. Yakiwa karibu na MIN au chini, usikimbilie kujaza. Mafuta ya breki hayaliwi na safari kama petroli. Yakishuka kuna sababu mbili tu: pedi zimeisha, au kuna mahali yanatoka.

Ya pedi haina dhambi. Pedi zikisagika, pistoni ya kaliper, ile inayozibana pedi, inasogea nje na mafuta yanaifuata kujaza nafasi, kwa hiyo kikopo kinashuka polepole kwa miezi mingi. Ukijaza wakati huo, siku unafunga pedi mpya fundi akirudisha pistoni ndani mafuta yanafurika na kumwagikia bodi, na yanakula rangi kweli kweli. Yakimwagika mwaga maji hapo hapo, usipanguse kwa kitambaa kikavu. Hii nimelipia kwa rangi ya fenda.

Kama pedi bado nene, yanavuja. Mimi naweka mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye kikopo na kuandika tarehe kwenye kipande cha utepe wa gundi. Ukiona tofauti ndani ya wiki, acha gari, mwite fundi. Pa kutafuta: ubavu wa ndani wa kila tairi, chini ya dramu za nyuma, mipira ya breki inayoelekea magurudumu ya mbele (hii ya zamani hupasuka ukiikunja), na mabomba ya chuma yanayopita chini ya gari, hasa kwa wanaokaa Kigamboni na Kunduchi, ile hewa ya chumvi haina urafiki na chuma.

Halafu kuna uvujaji ambao hauoni tone chini. Noah ya shemeji ilikuwa inashuka kidole kizima kwa mwezi, magurudumu yote makavu, mabomba makavu, tukaanza kumtania kwamba dereva wake anayanywa. Kumbe raba ya nyuma ya master silinda imechoka na mafuta yanaingia ndani ya busta, lile dude la duara nyuma ya master linalokusaidia kusukuma pedali. Fundi alilegeza nati zinazoishikilia, akaivuta mbele kidogo, pale inapokutana na busta pamelowa chepechepe. Busta inavutwa upepo na injini, kwa hiyo mengine yalikuwa yanaenda kuungua huko na ndio ule moshi mweupe tuliokuwa tunasingizia ringi za pistoni za injini. Kuna na ndugu yake huyu: umesimama kwenye taa za barabarani, umekanyaga pedali kwa nguvu ya kawaida, nayo inazama taratibu kama inasinzia, lakini kikopo hakipungui. Hiyo master inavuja kwa ndani, na hapo taa inaweza isiwake kabisa.

Sababu zingine nitazipita haraka. Swichi ya hendibreki iko chini ya ile lever, inaingia vumbi, sarafu na maganda ya karanga. Chomoa waya wake, taa ikizima umempata. Usipompata, chomoa soketi ya kikopo kwa dakika moja tu ya kupima, kisha rudisha. Bado inawaka? Kuna waya umechubuka unagusa bodi. Taa ya betri na ya breki zikiwaka pamoja kwenye baadhi ya Toyota za zamani, mtafute fundi umeme aangalie alteneta kabla hujafungua gurudumu lolote. Ya breki ikiwaka pamoja na ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukishika breki), hiyo ni kesi ya mashine ya kusoma kompyuta.

Kuhusu mafuta yenyewe, soma kifuniko: nyingi za rika letu ni DOT 3, na DOT 4 inakubali kuingia. DOT 5 ni silikoni, usichanganye. Haya ya kawaida yanavuta unyevu hewani, na Dar unyevu tunao wa kugawa. DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ikishavuta maji kiwango kinashuka mpaka 140. Mjini hutaona tofauti, ila shuka mlima Kitonga na familia na mizigo huku umekanyaga breki mwanzo mwisho, yakichemka yanakuwa mvuke na mvuke unabonyea. Badilisha kila miaka miwili, na usinunue chupa iliyofunguliwa hata kama muuzaji ni mjomba wako.

Na kama gari umelinunua kwa mtu, pima kwanza kama hajakuwekea mafuta ya haidroliki badala ya ya breki. Wapo wanaofanya hivyo. Dondosha matone kwenye glasi ya maji: mafuta halisi ya breki yanachanganyika na maji, ya haidroliki yanaelea. Ukikuta raba ya kifuniko imevimba na kujikunja, usijaze chochote, maana na raba zote za ndani zimeshavimba vile vile na zinatakiwa kubadilishwa.

Ikiwa ni silinda za nyuma, badilisha zote mbili na shuu zilizolowa zitupe, kuosha kwa petroli ni kujidanganya. Ukienda kununua spea Gerezani au Ilala nenda na ile ya zamani mkononi mlinganishe, na kwa chochote chenye raba mimi sichukui mtumba, hata wakisema imetoka Japani jana. Baadaye mtoe upepo kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na master, mmoja anakanyaga, mmoja anafungua nati ya kutolea upepo, mpira mwembamba unaoonyesha ndani unaingia kwenye chupa ili muone mapovu.

Kesho asubuhi kabla hujawasha, fungua boneti, piga picha ya kikopo uiweke hapa, na utuambie unene wa pedi za mbele na hali ya ubavu wa ndani wa tairi la nyuma. Ile balbu muache nayo fundi wako, mwambie umebadilisha mawazo.