"Kulifanyika" na wilaya za 1916

Mwalimu mmoja wa historia ameniletea sentensi aliyoikuta kwenye daftari la mwanafunzi wake wa sekondari, akaomba nimwamulie. Sentensi yenyewe hii hapa: "Baada ya Tanganyika kukombolewa mwaka 1916, kulifanyika uundwaji upya wa wilaya, jambo lililopelekea utawala kuimarishwa." Anauliza, mwanafunzi alipaswa kuandika "uundwaji" au "uundaji"? Na je, amkate alama?

Usimkate, Mwalimu. "Uundaji" limetoka kwenye unda, "uundwaji" kwenye undwa. La kwanza linaitazama kazi kutoka upande wa anayeunda, la pili kutoka upande wa kinachoundwa, na yote mawili yamejengwa kwa utaratibu unaoeleweka. Mimi "uundwaji", "uanzishwaji" na "utekelezwaji" yananikera, kwa sababu "kuundwa kwa wilaya" tulikuwa nako tangu zamani na ulimi haukujikwaa. Lakini maneno haya yameshaota mizizi magazetini na kwenye hotuba, nami nimechoka kuyang'oa. Yaache yakae.

Neno "wilaya" lenyewe ni la Kiarabu, shina moja na "liwali", na lina maana ya eneo lililo chini ya mamlaka ya mtu fulani. Mtu huyo ndiye ninayemtafuta katika sentensi hii, na simwoni.

Kilichonipandisha hasira ni "kulifanyika". Neno hili limeingia kila mahali: kulifanyika mabadiliko, kulifanyika maboresho, kulifanyika uteuzi. Waandishi wanalipenda kwa sababu linasikika kama taarifa rasmi. Mimi nasema ni neno baya mno kwa mtu anayeandika habari za utawala, na nitaeleza kwa nini.

Kiswahili kina kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka, na hazilingani. Ukisema "sahani imevunjwa", nina haki ya kukuuliza "na nani?", na kiunganishi "na" kipo tayari kumpokea mtenda. Ukisema "sahani imevunjika", swali hilo halina pa kuingilia. Mtoto aliyeiangusha anaijua tofauti hii vizuri kabla hajafika darasa la kwanza, ndiyo maana husema imevunjika. "Fanyika" ni ndugu wa "vunjika". Anayeandika "kulifanyika uundwaji upya wa wilaya" anatuambia kwamba wilaya zilijipanga zenyewe usiku mmoja, watu wakaamka asubuhi wakazikuta.

Sasa tumlazimishe mwanafunzi aingize mtenda, tuone kinachotokea. Nani aliziunda upya wilaya mwaka 1916?

Si Tanganyika, kwanza, maana jina hilo halikuwapo. Nchi iliitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na "Tanganyika" ikawa jina rasmi mwaka 1920. Wala haikukombolewa. Anayekombolewa huachwa huru, na wenyeji wa nchi ile mwaka 1916 walibadilishiwa bwana tu. Neno linalofaa ni "kutekwa", na kwa hali iliyofuata ni "kukaliwa": kaa, kalia, kaliwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia nchi ilikaliwa na majeshi ya nchi tatu. Waingereza waliingia Moshi mwezi Machi 1916, Tanga mwezi Julai, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Wabelgiji, wakiwa na askari wao kutoka Kongo, waliichukua Tabora tarehe 19 Septemba, na walikwisha kuishika Kigoma na Ujiji. Wareno walijitwalia Kionga, kipande kidogo kusini ya mdomo wa Ruvuma. Huku kusini von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, aliendelea kupigana mpaka alipovuka Ruvuma Novemba 1917. Kwa hiyo mwaka 1916 kulikuwa na angalau mamlaka nne katika nchi moja, na "kulifanyika" inazifunika zote nne.

Tuchukue Waingereza peke yao. Mwaka 1916 waliunda utawala wa kiraia kwa maeneo ya kaskazini waliyokwisha kuyateka, wakamweka Horace Byatt auongoze kutoka Wilhelmstal, mji tunaouita leo Lushoto. Kusini, ambako vita vilikuwa bado vinaunguruma, amri ilibaki mikononi mwa wanajeshi. Byatt aliwaweka mabomani maofisa wake badala ya Wajerumani. Mipaka ya wilaya je? Aliiacha karibu yote kama alivyoikuta. Wajerumani walikuwa na wilaya za kiraia, wilaya mbili za kijeshi, Iringa na Mahenge, na maeneo ya Rwanda, Burundi na Bukoba ambayo waliyatawala kupitia watawala wa kienyeji. Maakida, yaani wasimamizi wa vijiji kadhaa, na majumbe, yaani wakuu wa vijiji, nao alibaki nao, wale wale waliokuwa wakikusanya kodi kwa ajili ya Mjerumani. Cheo cha akida kilikuwa kikongwe kuliko Wajerumani wenyewe. Walikikuta pwani chini ya masultani wa Zanzibar wakakipeleka bara.

Tena Byatt hakuwa na uhuru wa kufumua kila kitu. Kanuni za vita za Hague za 1907, katika kifungu cha 43, zinalitaka jeshi linaloikalia nchi liheshimu sheria zilizokuwapo, isipokuwa pale ambapo haiwezekani kabisa. Mkaliaji bado si mwenye nchi. Ujerumani iliachilia makoloni yake kwa mkataba wa Versailles wa 1919, na mabadiliko makubwa ya utawala wa wilaya yakaja miaka kadhaa baadaye, alipofika Gavana Donald Cameron mwaka 1925. Huyo ndiye aliyewaondoa maakida sehemu nyingi, akatia nguvu watawala wa makabila kwa sheria ya 1926, akazikusanya wilaya katika majimbo 11.

Unaona, Mwalimu? Mwanafunzi hakukosea sarufi peke yake. Ameandika jambo ambalo, ukilitafutia mtenda, unagundua kwamba kwa sehemu kubwa halikutendwa, au lilitendwa na mtu mwingine miaka kumi baadaye. Kama angeandika "Byatt aliziunda upya wilaya", angelazimika kufungua kitabu ahakikishe. "Kulifanyika" ilimruhusu asifungue.

Tabia hii hainiudhi kwa sababu ya mipaka na vyeo tu. Kazi iliyowashughulisha sana maofisa wa wilaya katika miaka ile ilikuwa kulitafutia jeshi watu wa kubeba mizigo. Hapo ndipo mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam ulipopata jina lake, kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Vitabuni nakutana mara kwa mara na "wapagazi walipatikana". Walipatikana! Kama uyoga baada ya mvua. Jeshi lilidai idadi, ofisa wa wilaya akaigawa kwa maakida, akida akawabana majumbe, jumbe akaingia kijijini na kuchagua nani aende na nani abaki. Katika mlolongo huo kila mmoja alikuwa na jina na kila mmoja alifanya uamuzi. Wapagazi wa upande wa Uingereza walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Mwandishi anayesema "walipatikana" amewasamehe watu wote wanne kwa kitenzi kimoja, bila kuombwa.

Sisemi kauli ya kutendwa ni dhambi. "Reli ya Kati ilifikishwa Kigoma mwaka 1914" ni sentensi njema. Habari ni ya reli, na aliyeijenga anajulikana. Hata "-ika" ina mahali pake: mvua inapoharibu barabara, barabara haipitiki, na hakuna wa kumshitaki. Ninachokataa ni kuitumia pale ambapo amri imetolewa, imeandikwa, na imetekelezwa na watu wanaojulikana. Utawala wa kijeshi ni amri tupu. Hakuna mahali ambapo mtenda anastahili kutajwa kuliko hapo.

Kuhusu "lililopelekea" nitasema kidogo, maana nimelilalamikia mpaka sauti imekauka. Humpelekea mtu kitu: nimempelekea mama barua. Jambo "lililopelekea utawala kuimarishwa" lilimpelekea nani, na lilipeleka nini? "Lililofanya" linatosha, au "lililosababisha". Hata hivyo wanasema hivyo wahadhiri, na mtoto ameyasikia kwao. Mwekee mstari, usimkate.

Kwa "Tanganyika" ya 1916 na "kukombolewa", mkate. Kwa "kulifanyika", mrudishie daftari aandike sentensi upya, na umwambie kila kitenzi akiwekee mtu.

Mwalimu ameniandikia pia kwamba ukurasa wa pili wa daftari hilo una "Mwaka 1921 Kigoma ilirudishwa." Hapa kuna kauli ya kutendwa, basi tuulize. Na nani? Na Wabelgiji, waliokuwa wamebaki Kigoma miaka yote hiyo. Kwa nani? Kwa Waingereza. Lakini Waingereza hawakuwahi kuishika Kigoma kabla ya hapo, na kitu hakirudishwi kwa mtu ambaye hakuwa nacho. Aandike: "Mwaka 1921 Wabelgiji waliwakabidhi Waingereza Kigoma." Kisha amwulize mwalimu wake Wabelgiji walibaki na nini, na hapo mtafika Rwanda na Burundi.