Kabla Hujalia, Fungua Karantini

Juzi usiku dada mmoja kaniandikia: "Kaka, antivairasi imekula ripoti yangu ya fildi na kesho nawasilisha!" Nikamuuliza kitu kimoja tu: karantini umeshaifuta? Hata hakujua karantini ni nini (ni pale antivairasi inapoyafungia mafaili inayoyashuku). Baada ya robo saa ripoti ikapatikana, nami nikalala najiona profesa.

Uprofesa wenyewe niliulipia. Mwaka 2013 nilikuwa na steshenari Morogoro, kompyuta mbili na printa moja inayotafuna karatasi. Mwalimu mstaafu akaleta flashi yenye kitabu chake, kazi ya miaka minne. Nikaiskani, virusi tele. Nikajitia fundi, nikabofya ondoa vyote, kisha nikaingia karantini nikafagia na humo, eti napunguza mzigo wa diski. Kitabu kilikuwa humo humo. Kirusi cha makro (makro ni amri ndogo zinazojiendesha ndani ya hati) kilikuwa kimejibandika kwenye hati yake ya Word, maneno yake yote yakiwa mazima.

Wenzangu, antivairasi ina adabu kuliko sisi. Kabla ya kusafisha au kufuta faili, kwa kawaida huweka nakala yake pembeni, humo karantini, imesimbwa ili isiweze kujiendesha. Hufanya hivyo kwa kuwa kusafisha kunaweza kuliharibu faili, na kwa kuwa yenyewe hukosea. Aprili 21, 2010, sasisho la antivairasi ya McAfee liliiona svchost.exe, faili halali la Windows XP, kuwa kirusi. Kompyuta nyingi zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma. Ila nakala hazikai milele. Antivairasi ya Kaspersky, usipobadilisha mpangilio, huzitunza siku 30.

Kwa hiyo usifute karantini. Narudia, usiifute mpaka mwenye kazi athibitishe kila kitu kipo. Kwa Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, ingia historia ya ulinzi, chagua faili, rejesha. Kumbuka linarudi na kirusi chake: fungua makro zikiwa zimezimwa, nakili maandishi peke yake kwenye hati mpya, la zamani lifute. (Kama flashi imejaa shotikati tupu, huko karantini usihangaike, mafaili yako mara nyingi yamefichwa tu ndani ya flashi hiyo hiyo.) Na vijana wa steshenari, acheni pupa! Kazi ya mtu si uchafu wa kufagia.

Mwalimu yule tukikutana sokoni ananisalimia vizuri tu. Kazi zake anapeleka duka la jirani.