Kabla Hujachora Sikio la Ndani kwenye Kompyuta

Wanafunzi wa uhandisi wa tiba hapa Nairobi wanaotaka kuunda modeli za kompyuta za kuchochea kwa umeme viungo vya msawazo vilivyo ndani ya sikio, mara nyingi hunijia wakiwa wamekwisha kupakua picha za skani na wana hamu ya kuchora ile mifereji mitatu ya nusu duara katika umbo lake halisi. Huwashauri waahirishe mchoro huo na waanze na elektrodi moja, iliyochukuliwa kama nukta ndani ya tishu isiyo na mipaka, kwa kuwa jibu la tatizo hilo hupatikana kwa kalamu. Mkondo wa maikroampea 100, katika tishu yenye upitishaji wa umeme wa siemensi 0.3 kwa mita, huleta takriban milivolti 27 mahali palipo umbali wa milimita moja. Programu isiyokaribia jibu hilo haistahili kuaminiwa penye mifupa na viowevu.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, ni kwamba ramani ya volti ni nusu tu ya kazi. Picha yenye rangi nyekundu na buluu hupendeza kwenye tasnifu, lakini haisemi ni nyuzi zipi za neva zitakazosisimka. Kinachousisimua uzi wa neva ni jinsi volti ya nje inavyobadilika kuufuata uzi wenyewe, na kwa hiyo unahitaji pia milinganyo ya utando wa neva, ambayo chimbuko lake ni kazi ya wanasayansi Hodgkin na Huxley ya mwaka 1952 juu ya neva nene ya ngisi. Nyuzi zenyewe hazifanani: zile ambazo mapigo yake hayana mpangilio sawia huitikia mkondo wa nje kwa wepesi kuliko zenye mpangilio, hivyo modeli yenye aina moja tu ya uzi itakupotosha hata kama wavu wake, yaani vile vipande vidogo ambavyo programu huigawia tishu, ni mwembamba kupindukia.

Usahihi huo una maana kwa mgonjwa. Mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya watu wanane waliopandikizwa kifaa cha msawazo. Watu wa namna hiyo hupoteza msawazo wa pande zote mbili, wakati mwingine kwa sababu ya dawa kama jentamisini, au streptomaisini iliyotumika sana kutibu kifua kikuu. Ampula, yaani sehemu zilizovimba mwishoni mwa mifereji zenye vihisio vya mwendo, za mfereji wa juu na wa pembeni zimekaribiana mno, kwa hiyo mkondo uliokusudiwa mmoja huvuja hadi kwa jirani yake, na neva ya uso nayo haiko mbali. Modeli nzuri hukadiria uvujaji huo kabla ya upasuaji.

Thamani za upitishaji wa umeme wa mfupa hazikubaliani katika machapisho ya utafiti. Kwa hiyo endesha modeli ukiupunguza upitishaji huo hadi nusu, kisha ukiuongeza maradufu, na uandike majibu kuanzia la chini hadi la juu badala ya tarakimu moja inayojifanya hakika.

Wenye kompyuta ndogo wasikate tamaa. Programu za NEURON (ya kuiga neva), FEniCS (ya kukokotoa volti katika tishu) na 3D Slicer (ya kuchora viungo kutoka kwenye picha za skani) hupatikana bila malipo, na maadamu tishu zinachukuliwa kuwa vipitishi vya kawaida, volti huongezeka sambamba na mkondo. Kokotoa mara moja kwa kila elektrodi ukitumia mkondo wa kipimo kimoja, hifadhi matokeo kwenye diski (umeme wetu unajulikana), kisha zidisha na ujumlishe utakavyo. Kwa njia hiyo, kujaribu mgawanyo mpya wa mkondo kati ya elektrodi hizo kunachukua sekunde badala ya usiku mzima.

Hatimaye, linganisha modeli na mwendo wa macho. Kila mfereji ukichochewa huyasukuma macho katika mhimili wake, na mwelekeo huo hupimika kwa kamera; omba daktari wa masikio akufundishe kuusoma mapema, kabla hujachagua ni matokeo gani modeli yako itatoa.