Jibu: Ufupi haukunyimi umbali wa tufe

Mdogo wangu, umeuliza kama ufupi ndio unaokuangusha kwenye kurusha tufe (mpira mzito wa chuma), na kama ufanye mazoezi na tufe zito zaidi. Nilirusha miaka mingi nikiwa mfupi kuliko wenzangu wote, kwa hiyo nakuelewa.

Urefu unasaidia, ila kidogo. Tufe likitoka mkononi kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, likipanda kwa pembe ya nyuzi 40, ukiliachia mita 2 kutoka ardhini linafika kama mita 12.03. Ukiliachia mita 1.7, ni 11.77. Sentimita 26 tu! Sasa ongeza kasi iwe 10.5, ukiliachia mita 1.7 hiyohiyo: mita 12.8 na ushee. Kasi ndiyo mchawi wako.

Uzito? Hewa hailisumbui sana tufe la chuma. Shida iko mkononi: zito linatoka polepole. Fanya mazoezi na la mashindano yako (wanaume wakubwa kilo 7.26, wanawake 4), halafu raundi chache na jepesi kidogo ili mkono uzoee haraka. Zito sana liache kwanza. Linakufundisha kusukuma kivivu.

Nyuzi 45 za darasani, zinazosemwa hufikisha kitu mbali zaidi, usizing'ang'anie, kwa sababu tufe linaanzia juu ya ardhi. Jaribu 35 hadi 40. Anzia miguuni, tufe likigusa shingo, kiwiko kisishuke. Mimi kiwiko kilinishuka msimu mzima, nikaishia na bega bovu.

Bega likiuma hata usiku, acha kurusha, nenda kwa daktari. Na usirushe mtu akiwa mbele yako, hata anayeokota.