“Vaa Champali Ukioga”: Maswali ya Wapangaji na Malandilodi

Swali: Nimepanga chumba chenye bafu lake huku Kisauni, Mombasa. Nikifungua shawa ya maji moto, bomba linanipiga stima. Msimamizi wa ploti ananiambia nivae champali ninapooga. Kurekebisha ni kazi yangu au ya mwenye nyumba?

Jibu: Ni ya mwenye nyumba, dada. Lakini kabla ya sheria, zima swichi ya shawa hiyo na usiiguse tena hadi fundi aione. Kwa sasa maji chemsha kwenye jiko.

Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinatia masharti ndani ya kila mkataba wa kupangisha, hata kama hamkuyaandika popote. Mojawapo ni kwamba chumba kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku unapoingia, na kibaki hivyo muda wote utakaokaa. Bafu linalopiga watu stima halifai, na champali haitengenezi kitu.

Shawa nyingi za aina hii huchemsha maji kwa waya uliomo ndani ya maji yenyewe. Umeme ukivuja, njia yake ya salama ni waya wa athi, ule wa kijani na manjano unaoteremka hadi ardhini. Nimeonyeshwa na mafundi shawa zaidi ya moja ambazo, mfuniko ukifunguliwa, waya huo umekatwa na kuviringwa kando, kwa sababu aliyeifunga alivuta stima kutoka kwenye taa ya bafu na athi haikuwepo. Hapo umeme hutafuta pengine pa kupita, na aliyesimama chini ya maji ni wewe. Pwani hatari inazidi kwa kuwa maji mengi ya visima vyetu yana chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme upesi. Ndiyo maana madukani kuna shawa za maji ya chumvi mbali na zile za kawaida. Muulize landilodi alinunua ipi.

Kisha kuna hesabu ya waya. Shawa ya wati 5,500 kwenye stima ya volti 240 huvuta takriban ampea 23. Waya mwembamba wa taa haubebi mzigo huo. Unachemka ndani ya ukuta mpaka unawaka. Landilodi anapaswa kuleta fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya serikali ya nishati), aivutie shawa waya mnene wa peke yake kutoka kwenye boksi la stima, aunganishe athi, na aweke swichi inayojikata umeme unapovuja.

Mtumie ujumbe wa simu leo, utaje tarehe na kilichotokea, na usiufute. Akinyamaza, nenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti, ambaye chini ya Sheria ya Afya ya Umma (Sura 242) anaweza kumpa mwenye jengo notisi ya kuondoa hatari kwa afya ya wakaaji. Kodi endelea kulipa. Ukiizuia kwa hasira utampa sababu ya kukutoa.

Swali: Nina vyumba kumi Thika vinavyoniingizia Sh50,000 kwa mwezi. Serikali inanidai ngapi?

Jibu: Sh3,750 kila mwezi. Mapato ya nyumba za kukaa yaliyo kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024; awali ilikuwa 10. Lipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Gharama za ukarabati hazitolewi katika hesabu hii.

Swali: Mpangaji wangu hapa Nakuru hajalipa miezi mitatu. Majirani wananishauri nitoe mlango na mabati mawili, ataondoka mwenyewe.

Jibu: Usithubutu, mzee wangu. Anayedaiwa bado ana haki ya kutovurugwa hadi utaratibu ufuatwe, na kuwaachia watoto chumba kisicho na mlango usiku ni kuwaweka hatarini kwa mkono wako mwenyewe. Kukata maji au stima ni vivyo hivyo.

Deni lako ni halali na lina njia zake. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi (Sura 293) inakuruhusu kumtuma dalali mwenye leseni akamate mali kufidia kodi. Hiyo lakini si amri ya kumtoa mtu. Ukitaka chumba, mpe notisi ya maandishi, kisha uende mahakamani. Na kama kodi haizidi Sh2,500 kwa mwezi, kesi ni ya jopo la kodi za nyumba chini ya sheria ya kudhibiti kodi (Sura 296).

Swali: Mimi ni landilodi Limuru. Msimu wa baridi wapangaji hulala na jiko la makaa ndani. Nikiwakataza inatosha?

Jibu: Wakataze, mama, lakini angalia madirisha yako kwanza. Mengi yamepigwa misumari yasifunguke. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Yafungue madirisha na utoboe matundu ya hewa juu ya kila mlango. Kazi hiyo ni yako.

Swali: Tunaishi ghorofa ya tatu, Nairobi. Nguzo ya chini ina ufa unaoingia sarafu. Mwenye nyumba ameupaka rangi. Tufanye nini?

Jibu: Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta ni za kawaida. Ufa wa kuingia sarafu kwenye nguzo si wa kawaida, hasa kama milango ya juu imeanza kukwama. Kuta kuu, paa na sehemu mnazotumia pamoja ni jukumu la mwenye nyumba chini ya kifungu kile cha 65, na rangi si ukarabati.

Usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma baada ya mvua kubwa, na watu zaidi ya 40 wakafa. Maafisa walisema lilikuwa limeorodheshwa kubomolewa, na bado vyumba vyake vilikuwa na wapangaji. Mtoto mchanga alitolewa hai chini ya kifusi baada ya siku zaidi ya tatu, na habari hiyo hainitoki moyoni.

Piga picha nguzo, sarafu ikiwa ndani ya ufa. Peleka malalamiko kwa kaunti na kwa Halmashauri ya Kitaifa ya Ujenzi, mkiwa wapangaji wengi kadiri mnavyoweza, na mdai mhandisi aje alikague jengo. Msingoje jibu ndipo mtoke. Watoto walale kwa jamaa usiku wa leo. Habari ya kodi na diposti mtaidaiana mkiwa nje.