Watu wanazidi, kazi je?

Kakangu, umeuliza mbona Mombasa inajaa na viwanda vimelala. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 939,370 kaunti nzima. Ya 2019 ikapata 1,208,333. Katikati hapo mtambo wa kusafisha mafuta Changamwe ukasimama (2013), na reli mpya ya SGR ya 2017 ikabeba makontena hadi Nairobi. Waulize wenye vibanda vya chakula Miritini, malori yalipopungua waliuzia nani!

Lakini bandari bado inaita watu, na wengine tunazaana hapahapa.

Na mtaa wa Buxton hapa Mombasa? Nyumba kuukuu zimebomolewa, maghorofa yakapanda, na mtaa umependeza, sikatai. Ila kibarua wa Shimanzi ataimudu nyumba ile kwa mshahara upi? Wengi wataishia Kisauni, au Likoni wabanane ferini kila asubuhi.